Mstari wa Lategan

Ukumbi wa mazoezi wa Bwana Lategan ulikuwa nyuma ya gereji moja katika mtaa wa Wazungu mjini East London, Afrika Kusini, na katikati ya ulingo wake palikuwa na mstari wa chaki. Kila asubuhi Lategan mwenyewe, na kitambi chake chote, alipiga magoti akauchora upya, kwa uangalifu wa padri anayetandika altare. Mstari ule haukumhusu mtu mwingine yeyote ila Monde, bondia Mweusi aliyelipwa kumfanyisha mazoezi bingwa wa Lategan. Mguu wake wa kushoto ukiwa nyuma ya mstari, ruksa kurusha konde la kulia. Mguu ukivuka, siku hiyo hana ujira.

Ujanja wenyewe haukuwa mkubwa. Monde akisimama nyuma ya mstari, ngumi yake ya kulia ilikwenda hadi mbele ya pua ya Fanie Rautenbach ikaishia hapo, kama nzi aliyebadili nia. Fanie alikuwa bingwa wa Wazungu wa uzito wa unyoya, nchi nzima, na pua ile ilikuwa imepigwa picha nyingi za magazeti. Haikupaswa kuguswa. Pua ya Monde haikuwa na picha gazetini, kwa hiyo iliguswa kila siku isipokuwa Jumapili.

Sheria ya Makaburu ilikataza Mweusi na Mzungu kupigana ulingoni mbele ya watu. Haikukataza Mweusi kupigwa chumbani. Katika nchi ile kila uzito ulikuwa na mabingwa wawili, mmoja wa Wazungu na mmoja wa Weusi, kama vyoo vya stesheni, na kila mtu alijua ni kipi kilichofagiliwa.

Kwa miaka sita Monde alirusha makonde yasiyofika. Jioni akipanda treni kurudi Mdantsane, kitongoji cha Weusi, uso umevimba, vijana wa mtaani walimwita Godoro la Kaburu. Yeye mwenyewe alikuwa bondia wa kulipwa, na dhidi ya Weusi wenzake alikuwa ameshinda zaidi ya alivyoshindwa, kwa kushoto tu na kwa akili; lakini nani alikumbuka hayo? Godoro ni godoro. Lategan na Fanie aliwadharau kimyakimya, na dharau hiyo aliificha pale watu wa Mdantsane wanapoficha kila kitu cha thamani, yaani mahali ambapo polisi hawapekui.

Fanie naye alijifunza, maana mtu hujifunza anachofundishwa. Mwaka wa kwanza bado alikuwa akirudisha kichwa nyuma akiona kulia kunakuja. Mwaka wa pili aliacha. Kufikia wa tatu hakupepesa hata jicho. Lategan aliuita huo ushujaa. "Tazameni macho hayo," aliwaambia waandishi wa habari, akimshika bingwa wake kidevu kama mtu anayeuza farasi. "Ngumi inakuja, yeye anaitazama tu. Simba!"

Monde, akiwa pembeni anafuta jasho la simba huyo sakafuni, aliinamisha kichwa ili wasimwone usoni.

Ikafika asubuhi moja Lategan akamwita.

"Jonas! Njoo hapa, boi."

Monde hakuitwa Jonas. Kulikuwa na Jonas aliyefanya kazi pale kabla yake, na Lategan hakuona sababu ya kujisumbua na jina jipya.

"Wakubwa wa Pretoria wamelegeza kamba," alisema Lategan. "Dunia inatusema sana. Sasa wametoa ruhusa ya pambano, bingwa wetu na mmoja wenu, na mshindi ataitwa bingwa wa wote. Kamati imeniuliza nani anafaa. Nimewaambia wewe."

"Mimi, bosi? Bingwa wa Weusi si yupo?"

"Yule wa Soweto? Hana nidhamu. Wewe una nidhamu." Lategan alimpiga bega. "Fanie anakujua. Ameshakupiga mara ngapi, elfu? Mtapigana vizuri, watu watafurahi, magazeti ya ng'ambo yatanyamaza. Hivi jina lako halisi ni nani? Mpiga chapa wa mabango anauliza."

"Monde Nqweni, bosi."

"Duh," Lategan alisema, kana kwamba Monde amefanya makosa kuzaliwa nalo.

Monde akasimama pale, akingoja nusu ya pili ya mazungumzo. Alijua mambo haya yanavyokwenda. Sasa ingekuja bahasha, au kitisho, au angalau neno la kunong'onezwa kwamba raundi ya sita ni nzuri kwa kuanguka. Lategan alichukua gazeti lake akaanza kusoma habari za raga.

"Kuna lingine, bosi?"

"Fagia pale kwenye kamba."

Nyumbani mkewe, Thozama, alikuwa akikaanga magwinya, maandazi ya kwao, ya kuuza stesheni kesho yake, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Alisikiliza hadithi yote bila kugeuka. Kisha aliuliza, "Hawajakuambia uanguke?"

"Hawajasema."

"Hata kwa kukonyeza?"

"Hata."

Thozama aliweka uma chini. "Yaani wamekudharau mpaka pesa ya hongo wameiona hasara!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na Monde, ambaye jambo hilo lilikuwa linamchoma tangu asubuhi, alijikuta akitabasamu kwa upande wa mdomo usiovimba. Anayehongwa angalau anajua kwamba anaogopwa.

"Lakini nikuambie kitu, Baba Vuyo," mkewe alisema, kicheko kimekwisha. "Chumbani kwa Lategan umepigwa, nimenyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa anakula. Hii ni mbele ya watu. Wote watakuwepo, na mama yangu pia. Ukifanya mchezo wako wa chaki mbele yao, Jumatatu utarudi kule kuwa godoro mpaka meno yaishe, na hakuna atakayekupa tena ulingo. Mimi niliolewa na bondia. Sijui kulala na godoro."

"Godoro si ndilo la kulalia?"

"Nenda zako huko!" Akamrushia kipande cha unga, lakini macho yake hayakucheka.

Mzee aliyeitwa Tata Jola aliwafundisha ngumi vijana wa Mdantsane katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa, penye gunia moja la mchanga na kioo kilichopasuka. Ndiye aliyemlea Monde tangu akiwa mdogo, na Monde alipokwenda kwa Lategan hawakusemezana mwaka mzima. Sasa mzee alimwangalia kwa jicho moja, kama muuza kuku anayeletewa kuku wa jana.

"Haya, Bhele," alisema, akimwita kwa jina la ukoo wake. "Nipige kulia. Hapa, kiganjani."

Monde alirusha. Ngumi ilienda kwa kasi, safi, nzuri kutazama, ikasimama mbele ya kiganja cha Tata Jola.

"Tena."

Ikasimama pale pale.

"Sogea, basi! Ingiza mguu!"

Mguu haukuingia. Alitaka uingie, aliuamuru. Ukafika mahali fulani ukasita, unyayo ukatetemeka kidogo, ukatulia. Vijana waliacha kuruka kamba wakaja kutazama.

"Mguu huu una nini?" Tata Jola aliuliza. "Umesimama kuonyesha kipande? Kuna polisi hapa? Nani amemwona polisi?"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Monde alitamani sakafu immeze. Ndipo, kwa sauti ndogo, akawaeleza habari za chaki. Alidhani watacheka zaidi. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Walijaribu kila kitu. Tata Jola alimsukuma mgongoni kwa fagio. Walimwekea mlango uliolazwa kama kilima, ili uzito wake umvute mbele. Kijana mmoja mwenye mdomo alijitolea kumtukania ukoo wake, kizazi baada ya kizazi, hasira zimsogeze. Aliwatukana vizuri sana, na mguu ukabaki palepale. Gunia alilipiga bila shida. Ikiwa mbele yake ni sura ya mtu, mguu uligoma. Lategan alikuwa amemfunga pasipo kamba, na alikuwa amemlipa ili afungwe, na Monde alikuwa ameshukuru kila Ijumaa.

Siku chache kabla ya pambano Tata Jola aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akauliza, "Huyu Fanie, anajua ule mstari ni wa nini?"

"Anauona kila siku, Tata."

"Sikuuliza kama ana macho. Anajua ni wa nini?"

Monde alifikiri. "Lategan alimwambia ni wa kunifundisha mimi nidhamu ya miguu. Kwamba sisi miguu yetu haina adabu."

"Kwa hiyo anaamini kwamba umerusha makonde yako yote, kwa nguvu zako zote, miaka sita, na hujawahi kumgusa?"

"Anaamini."

Tata Jola alitikisa kichwa taratibu. "Maskini mtoto wa watu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona kinyesi kwenye kiatu cha mwenzake na hajui amwambie au asimwambie.

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa raga wa mjini. Wazungu walikaa kwenye viti chini ya paa, na bia baridi, na moshi wa nyama choma ukiwapitia puani. Weusi walisimama upande wa pili nyuma ya waya, mahali ambapo upepo uliwaletea vumbi na jua likawaletea yaliyobaki. Dunia ilikuwa imeambiwa kwamba siku hiyo hakuna ubaguzi. Ulingoni ni kweli, haukuwepo. Ulikuwa umesogezwa hatua kadhaa pembeni.

Kengele ililia, na mara moja Monde akajua kwamba mguu haujapona.

Kushoto kulifanya kazi. Kushoto kulimdonoa Fanie, kukamsumbua, kukamfanya apige chafya. Lakini kila kulia kulipokwenda, mguu ulifika kwenye ule mstari usiokuwepo, ukasimama, na ngumi ikaishia hewani. Fanie alikuwa mahali pake pa siku zote, akiwa ameshusha mikono, akitabasamu kwa kinga yake ya meno. Raundi ya pili alimgeukia hata mpiga picha.

"Kama nyumbani, Jonas," alisema, bila ubaya wowote, na akampiga mbavuni.

Nyuma ya waya walianza mapema. "Godoro! Godoro!" Mmoja mwenye sauti ya tarumbeta aliuliza, "Mmelinunua wapi hilo? Linauzwa na mto wake?" Mwingine akajibu, "Msimwamshe, ana kazi Jumatatu!" Monde alizisikia zote. Kwenye kona Tata Jola alimmwagia maji shingoni.

Raundi ya nne alianguka mara moja, akainuka. Ya tano ilipoanza jicho la kulia lilikuwa linafunga, na alijua kwamba hesabu za waamuzi hazina haja ya kuulizwa. Akamwona Fanie amesimama pale pale, kidevu nje, mikono chini, kama mtu anayengoja kinyozi. Monde akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo akazipeleka kwenye mguu wa kushoto, si mkononi, mguuni tu. Ukajongea. Kidogo, labda upana wa unyayo wa mtoto, lakini ulijongea.

Na Lategan, kwenye kona ya bingwa wake, alikuwa na jicho lililozoea kitu kimoja tu. Kabla hajafikiri, alipiga turubai la ulingo kwa kiganja akapaza sauti kama anavyofanya kila asubuhi nyuma ya gereji:

"Mstari, boi! Mstari!"

Sauti ilifika hadi kwenye waya. Mwamuzi, Mzungu mwenzao kutoka Cape, aliinamisha kichwa akatazama sakafu ya ulingo huku na huku.

"Mstari gani?" aliuliza.

Fanie naye alitazama chini.

"Mstari gani, Kaburu?" yule wa sauti ya tarumbeta akadakia nyuma ya waya.

Ndipo Monde akaisikia sauti aliyoijua, sauti inayouza magwinya hata treni ikiwa inaondoka. "Wa chaki!" Thozama alipiga kelele. "Bingwa wao hachezi mpaka achorewe mahali pa kupigiwa! Miaka sita mume wangu amesimamishwa nyuma ya chaki, pua ya bwana mkubwa isije ikavunjika!"

Habari ile ilipita kwenye waya kama moto kwenye nyasi. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi, kisha watu wakaelewa, na kicheko kilichotoka hapo Monde hakuwahi kukisikia maishani. Hakikuwa cha furaha. Kilikuwa kicheko cha watu waliofunuliwa sufuria la mwenye nyumba wakakuta ndani kuna mawe.

"Leteni chaki!" walipiga kelele. "Mchoreeni mtoto!" "Mchoreeni na pa kukojoa!" Bibi mmoja mzee, aliyevaa kilemba cheusi wanachovaa walioolewa, alivua kiatu akakigonga kwenye waya kwa mdundo, "Cha-ki! Cha-ki!" na wote wakaufuata. Wazungu kwenye viti vyao waligeukiana. Baadhi yao walicheka pia, maana kicheko huambukiza, kisha wakaulizana wanacheka nini. Shingo ya Lategan ilikuwa imegeuka rangi ya nyama mbichi.

Monde alitazama chini. Turubai lilikuwa na maji, na matone ya damu yake mwenyewe, na alama za viatu. Basi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umesimama mbele ya kitu kisichokuwepo, kwa adabu zote, kama mtumishi aliyesahauliwa mlangoni na wenye nyumba wamekwisha kuhama. Akaudharau. Aliudharau kwa moyo wote, jinsi alivyowahi kumdharau Lategan na kitambi chake na magoti yake na vumbi jeupe kwenye vidole vyake, na akashangaa kugundua kwamba ni dharau ile ile moja. Kicheko kikampanda, kikatokea kando ya kinga ya meno.

Akavuka.

Kulia kulikwenda kama kulivyokwenda maelfu ya asubuhi. Fanie aliitazama ngumi ikija. Hakurudi nyuma, hakuinua mkono, hakupepesa jicho. Simba mpaka mwisho. Ilipofika, uso wake ulikuwa na mshangao mtupu, kama wa mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia.

Mwamuzi alihesabu polepole kadiri alivyoweza. Angehesabu hata mpaka jioni, Fanie hakuwa anasikiliza.

Kipaza sauti kiliharibika ghafla, kwa hiyo bingwa wa wote alitangazwa kwa mdomo, na mtangazaji hakuwa na mapafu makubwa siku hiyo. Haikudhuru, nyuma ya waya walijitangazia wenyewe. Karamu ya mshindi ilikuwa kwenye hoteli ya mjini, lakini kibali cha Mweusi kuingia hotelini hakikuombwa, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kitahitajika. Ofisa wa kamati alikuja kulieleza hilo, akafuta jasho, akasema wangeweza kumtolea sahani kwa mlango wa jikoni.

"Kampeni mbwa," Thozama alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo. "Sisi tumepika."

Walikuwa kwenye banda la watunza uwanja, Monde alipobadilishia nguo katikati ya mashine za kukatia nyasi. Tata Jola alikuwa anamkata bandeji mikononi. Mlango ukasukumwa, akaingia Lategan, na nyuma yake Fanie, taulo shingoni, pua imehamia upande.

"Ngumi ya bahati," Lategan alisema. "Inatokea. Tutarudiana mwezi wa nane, nimeshaongea na kamati. Sasa, Fanie atahitaji mazoezi ya maana. Jumatatu, Jonas. Saa mbili, kama kawaida?"

Monde alimtazama usoni akitafuta dalili ya mzaha, hata ndogo. Haikuwepo. Mtu huyu alikuwa ameona yote kwa macho yake, akatoka nayo akiwa hajabadilika hata chembe, kama jiwe linavyotoka mtoni. Tata Jola alicheka mpaka akakohoa, ikabidi Thozama ampige mgongoni.

"Ule mstari," Fanie alisema. Sauti yake ilitoka puani. "Ulikuwa wa nini?"

"Twende, Fanie," Lategan alisema.

"Sikuulizi wewe." Alikuwa anamtazama Monde.

"Ulikuwa wa pua yako," Monde alimwambia.

Fanie alitikisa kichwa polepole. Alionekana kijana kuliko gazetini. "Hukuwahi kuniambia."

"Nililipwa nisikuambie. Na wewe hukuwahi kuuliza." Akavuta shati lake. "Jumatatu niko kwa Tata Jola, Mdantsane. Anayetaka kupigana na mimi aje huko. Chaki hatuna, hata ya shule haitoshi."

"Umelewa?" Lategan alisema.

"Saa ngapi?" Fanie aliuliza.

Monde alikuwa na matusi sita tayari, ameyalisha na kuyanenepesha mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata moja lililokuwa na saa ndani yake. Tata Jola ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye bandeji.

"Saa kumi na moja alfajiri. Tunaanza kwa kukimbia, mpaka mtoni na kurudi. Mtu akichelewa hatumngoji."

Lategan alimkamata bingwa wake wa zamani kiwiko akamtoa nje.

Jumatatu walikusanyika mbele ya ukumbi wa kanisa, vijana wote, hata wale waliokuwa wakimwita Godoro, na leo walimwita Bhele kwa heshima iliyomkera kidogo, kwa vile ilikuwa mpya mno. Baridi ilikuwa kali. Walirukaruka, wakapuliza viganja, wakataniana. Monde aliegemea ukuta akijifunga kamba za viatu, na alipomaliza akajikuta anatazama barabara inayotoka mjini. Ilikuwa tupu. Akajikasirikia kwa kutazama. Alikuwa anangoja nini, na kwa ajili ya nani? Akafungua kamba za kiatu cha kushoto akazifunga upya, ingawa zilikuwa sawa.

"Bhele," Tata Jola alisema. "Twende au tungoje?"

"Nani wa kungojwa?" Monde alisema, akaanza kukimbia.